Dodoma Aliyekuwa Farasi

Safu ya Jina na Kwao



Kwa wageni wa safu hii: kila toleo tunalishika jina moja la Uswahilini lililoonekana mahali ambapo hakuna aliyelitazamia, kisha tunalifuata nyuma hatua kwa hatua mpaka tujue limefikaje huko. Toleo lililopita tulifuata Jenga, ule mchezo wa vijiti vya mbao uliomo kabatini katika nyumba nyingi za hapa Uingereza. Safari hii tumeangukia farasi.

Aliyetuangusha ni babu wa mmoja wetu. Babu huyu alizaliwa Dodoma, si mbali na stesheni, akaja Leicester angali kijana, akaendesha basi mpaka akastaafu. Hajawahi kucheza kamari hata ya peni moja, lakini mbio za farasi za Jumamosi hazimpiti. Siku ya Idi tulikwenda kwake sote watano tunaoandika safu hii, tukala pilau mpaka tukashindwa kuinuka. Televisheni ilikuwa ikionyesha kipindi kuhusu Shergar, yule farasi aliyeibwa Ireland usiku wa tarehe 8 Februari 1983, asionekane tena mpaka leo. Babu alikuwa akimenya chungwa. Akasema bila kugeuka:

"Huyo wa kwetu huyo. Bibi wa bibi yake anaitwa Dodoma."

Tukacheka. Mjukuu wake akamwambia, "Babu nawe! Kila kitu kikubwa duniani kimetoka Dodoma."

"Cheka tu, mjukuu wangu. Si mmekuja chuo kusoma? Basi nendeni mkasome."

Tukaenda tukasoma. Babu alikosea hatua moja tu. Bibi wa bibi yake Shergar aliitwa Diableretta. Mama yake Diableretta ndiye Dodoma.

Hebu tuwapange, kwa upande wa mama peke yake. Shergar alizaliwa na Sharmeen. Sharmeen na Nasreen. Nasreen na Ginetta. Ginetta na Diableretta. Diableretta na Dodoma. Dodoma alizaliwa na Mumtaz Begum, na Mumtaz Begum alizaliwa na farasi jike wa kijivu aliyeitwa Mumtaz Mahal. Huyu wa mwisho ndiye mwenye kisa chetu, kwa sababu tulipomfikia yeye tuliona kwamba tumeshika mzizi, na matawi yake yamefika Marekani, Japani na Dubai.

Kabla hatujamsimulia, jambo moja la lugha ambalo walimu wetu watalipenda. Watu wa mbio za farasi wana namna yao ya kuhesabu undugu. Dume mmoja anaweza kuwa na watoto mamia, kwa hiyo watoto wa baba mmoja na mama mbalimbali hawahesabiwi ndugu hata kidogo. Ndugu ni wa mama mmoja. Sisi tunasema ndugu wa tumbo moja, nao huishia hapo hapo kwenye tumbo. Mwaustralia mmoja, Bruce Lowe, alizipanga koo zote kwa kufuata mama wa mama wa mama, akazipa namba. Mumtaz Mahal ni wa ukoo wa 9. Mama wa ukoo huo, aliyeishi zaidi ya miaka 300 iliyopita, hana jina lake mwenyewe. Vitabuni anaitwa tu farasi jike mzee wa Vintner, yaani ametajwa kwa bwana wake. Madume watatu walioletwa kutoka Mashariki, ambao kila farasi wa mbio wa nasaba hii ana mmoja wao juu kabisa upande wa baba, majina yao kila mtu wa mbio anayajua: Byerley Turk, Darley Arabian, Godolphin Arabian. Mama hana jina. Wenye nyanya waliokwenda kaburini wakijulikana kwa Mama Fulani tu wataelewa kwa nini tulinyamaza kidogo hapo.

Sasa Mumtaz Mahal. Alizaliwa 1921. Jina alipewa kwa yule malkia ambaye mumewe, Shah Jahan, alimjengea Taj Mahal kuwa kaburi. Baba yake alikuwa The Tetrarch, farasi wa kijivu mwenye madoa meupe yaliyotapakaa mwilini kana kwamba amepita chini ya ngazi ya mpaka chokaa. Mwaka 1913 The Tetrarch alikimbia mara saba akashinda zote saba, akaumia mguu, asikimbie tena maishani. Mama yake alikuwa Lady Josephine, farasi mwepesi wa mbio fupi.

Mwaka 1922 mtoto huyu wa mwaka mmoja alipelekwa mnadani Doncaster. Aliyenunua alikuwa George Lambton, akimnunulia mtu aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kujenga mazizi yake Ulaya. Bei ilikuwa gini 9,100, na gini moja ni pauni moja na shilingi moja. Zilikuwa fedha nyingi mno kwa mnyama ambaye hajawahi kukimbia hata hatua moja mbele ya watu.

Mnunuzi huyo mnamjua. Alikuwa Aga Khan wa Tatu, imamu wa Waismailia, na wafuasi wake walikuwa wakiishi Zanzibar, Mombasa, Dar es Salaam na miji ya bara njia ya reli. Ndiye huyo huyo aliyepimwa kwa almasi Dar es Salaam mwaka 1946, mizani upande mmoja yeye, upande wa pili mawe. Kwa hiyo tulipoona katika orodha ya farasi wake jina la Dodoma, hatukushangaa sana. Na kabla hatujafunga daftari tukaona la pili: Malindi. Dodoma na Malindi, mtu na dada yake, wote mabinti wa Mumtaz Begum, wote wajukuu wa Mumtaz Mahal. Mwenzetu wa Malindi aliruka kitini. Tangu siku hiyo hatuna amani.

Mumtaz Mahal alifunzwa na Richard Dawson huko Whatcombe. Msimu wa 1923, akiwa na miaka miwili, alikimbia mara sita akashinda tano. Alianza Newmarket, akaenda Ascot akashinda Queen Mary Stakes kwa urefu wa farasi kumi, kisha Sandown, kisha Goodwood, kisha Doncaster. Hakuwa farasi wa kunyemelea nyuma akingoja nafasi. Mbio zikianza, amekwenda. Waingereza wakampa jina la utani, Mtamba Arukaye. Mbio ya sita, Kempton, uwanja ulikuwa umelowa na yeye alibebeshwa uzito kuliko wenzake, akashindwa na farasi aliyeitwa Arcade kwa nusu ya urefu wa farasi.

Mwaka 1924 ndipo palipokuwa na mtihani. Kwa farasi jike wa miaka mitatu mbio za kwanza kubwa ni 1000 Guineas, Newmarket, maili moja kamili. Mumtaz Mahal alizoea mbio za mita 1,000 au zaidi kidogo. Watu walikuwa wakiulizana kama pumzi itafika. Alitoka mbele kama kawaida yake, akaongoza, akaongoza, na karibu na mwisho Plack akampita. Akawa wa pili. Ascot akajaribiwa maili tena, akachoka. Wakamrudisha kwenye mbio fupi, akashinda Goodwood, akashinda Nunthorpe Stakes huko York, na kazi yake ikaishia hapo. Kwa jumla alikimbia mara 10 akashinda 7. Katika zile mbio tano kuu za Kiingereza hakushinda hata moja.

Tukiishia hapo, ni hadithi ya farasi mwepesi aliyekosa pumzi. Lakini alipopelekwa kuzaa, mambo yakawa mengine, nayo hayakuja upesi. Mabinti zake Mah Mahal na Mumtaz Begum hawakutikisa nchi uwanjani. Sifa zilianza kwa wajukuu.

Hapa tulipata furaha ambayo hatukuitarajia. Kingereza kikitaka kutaja kizazi cha tatu, cha nne na cha tano kinarundika neno lile lile mara mbili, mara tatu. Kiswahili kina mjukuu, kitukuu, kilembwe na kining'ina. Sisi tuliyajifunza darasani mwaka wa kwanza kama maneno ya mtihani, na wengi wetu hatujawahi kuyatumia, maana nani ana kining'ina? Mumtaz Mahal anao. Tukawapanga.

Wajukuu. Mah Mahal alimzaa Mahmoud, farasi wa kijivu aliyeshinda Derby ya Epsom mwaka 1936 kwa dakika 2 na sekunde 33.8. Rekodi hiyo ilikaa mpaka 1995. Mumtaz Begum alimzaa Nasrullah mwaka 1940, farasi mwenye kichwa kigumu ambaye akitaka anakimbia na asipotaka hakimbii. Nasrullah alipelekwa Kentucky, na akaongoza orodha ya madume wazazi Uingereza na Marekani pia. Marekani aliiongoza mara tano.

Vitukuu. Sun Princess, binti mwingine wa Mumtaz Begum, alimzaa Royal Charger, ambaye kwa wanawe na wajukuu ndiko alikotoka Sunday Silence, farasi aliyebadilisha mbio za Japani. Mah Iran, binti wa Mah Mahal, alimzaa Migoli, aliyeshinda Prix de l'Arc de Triomphe mjini Paris mwaka 1948.

Vilembwe. Secretariat wa Marekani, aliyeshinda Belmont Stakes ya 1973 kwa urefu wa farasi 31, baba yake ni Bold Ruler, na Bold Ruler ni mtoto wa Nasrullah. Kilembwe mwingine ni Petite Etoile, farasi jike wa kijivu aliyeshinda 1000 Guineas, Oaks na Champion Stakes mwaka mmoja, 1959. Angalieni rangi hiyo. Kwa farasi, kijivu hairuki kizazi: hakuna mtoto wa kijivu ambaye hana mzazi wa kijivu. Petite Etoile alikipata kwa Star of Iran, naye kwa Mah Iran, naye kwa Mah Mahal, naye kwa Mumtaz Mahal. Mama kwa mama, kama kanga ya arusi inayorithishwa. Na Petite Etoile naye hakuiacha njia: tumbo lake ndilo lililoleta Zarkava, aliyekimbia mara saba bila kushindwa na kutwaa Arc ya 2008.

Vining'ina. Mmojawapo ni Northern Dancer wa Kanada, kwa njia ya Mahmoud. Damu ya Northern Dancer imeingia kwenye mazizi mengi mno leo, kwa hiyo yule bibi wa kijivu yumo katika farasi wengi ambao wenye nao hawajui hata jina lake. Na ile rekodi ya Mahmoud ya 1936, aliyeivunja mwaka 1995 ni Lammtarra, wa familia ya Maktoum ya Dubai. Lammtarra ni mjukuu wa Northern Dancer. Yaani rekodi ya Mahmoud ilivunjwa na mtoto wake mwenyewe wa mbali. Kining'ina mwingine ni Oh So Sharp, aliyekimbia kwa rangi za Sheikh Mohammed wa Dubai na mwaka 1985 kushinda 1000 Guineas, Oaks na St Leger, zote tatu. Mama yake Oh So Fair, bibi yake Chandelle, na mama wa bibi yake, mwenzetu wa Malindi anawaomba msome kwa sauti, ni Malindi.

Na Shergar? Shergar, aliyeshinda Derby ya 1981 kwa urefu wa farasi kumi, pengo ambalo halijawahi kuonekana katika Derby, ni kining'ina wa Dodoma. Kwa Mumtaz Mahal ni mbali zaidi ya hapo, na Kiswahili tulichofundishwa hakina neno. Mwenye nalo atuandikie.

Mwenye Shergar alikuwa Aga Khan wa Nne, mjukuu wa yule wa kwanza, ambaye sehemu ya utoto wake ilipita Nairobi wakati wa Vita vya Pili. Kwa hiyo mnaona: mwaka ule wa 1981 pale Epsom, mwenye farasi ameonja vumbi la Afrika Mashariki na farasi ana bibi anayeitwa Dodoma, na katika umati wote ule sijui ni wangapi waliojua. Babu alijua. Alituambia alikuwa kwenye zamu ya basi, akalisikia jina la mshindi kwenye redio ya abiria.

Tungeweza kufunga safu hapa, na mwanzoni tulikusudia hivyo. Lakini tulipokuwa tukifuata upande wa Lady Josephine, mama wa Mumtaz Mahal, tulikuta jambo lililotugusa sisi wenyewe, nanyi pia linawahusu kabla ya kikao kijacho cha klabu.

Mama yake Lady Josephine aliitwa Americus Girl. Baba wa Americus Girl ni Americus, aliyezaliwa Marekani akaletwa Uingereza. Na Americus, ukihesabu upande wa baba, ni kitukuu wa Lexington, dume mkubwa kuliko wote wa Marekani wa karne ya 19, aliyeongoza orodha ya madume wazazi mara 16. Lexington alikuwa na kila kitu isipokuwa karatasi. Katika nasaba yake mlikuwamo mama ambao hakuna aliyeweza kuwathibitisha mpaka mwisho. Kwa macho ya Waingereza alikuwa ana doa.

Mwaka 1913 Waingereza waliweka kanuni katika kitabu chao cha nasaba, kile ambacho farasi asipoandikwa humo hahesabiwi kuwa wa nasaba. Majimbo ya Marekani yalikuwa yamepiga marufuku kamari, viwanja vya New York vikafungwa, na farasi wa Marekani wakawa wanashushwa Uingereza kwa wingi. Wafugaji wa hapa wakaogopa. Lord Jersey akapendekeza, ikapitishwa: kuanzia hapo farasi hataandikwa mpaka ithibitike, bila dosari, upande wa baba na upande wa mama, kwamba wote waliomtangulia wamo tayari kitabuni. Watu wakaiita Kanuni ya Jersey. Mwaka uliofuata, 1914, Derby ikashindwa na Durbar, ambaye kwa kanuni hiyo hakustahili kuandikwa.

Americus Girl alikuwa ameshaandikwa kabla ya 1913. Kanuni haikurudi nyuma, kwa hiyo yeye na kizazi chake walibaki ndani. Damu ya Lexington ilikuwa imeingia mlangoni na kukaa sebuleni, ndipo mlango ukafungwa. Lau Lord Jersey angewahi miaka michache, Mumtaz Mahal asingehesabiwa farasi wa nasaba. Wala Mahmoud, wala Nasrullah, wala Dodoma, wala Malindi. Kanuni ilidumu miaka 36, na muda wote huo farasi waliokataliwa waliendelea kuja na kushinda. Mwaka 1948 Black Tarquin, ambaye kitabuni hamo, alishinda St Leger. Mwaka 1949 wakairekebisha. Kanuni mpya bado iliuliza nasaba, lakini iliuliza pia jamaa wa karibu wa farasi huyo wamefanya nini uwanjani.

Sasa la kwetu. Mnakumbuka kikao cha mwezi uliopita lilitolewa pendekezo kuhusu mashindano ya hotuba: kundi la kwanza, la wenye lugha, liwe la waliozaliwa na wazazi wawili wasemao Kiswahili, wengine wote waingie kundi la wanafunzi. Sababu iliyotolewa ni haki, ili anayejifunza lugha ukubwani asipambanishwe na aliyeipata kwa maziwa. Ni sababu nzuri. Katika sisi watano, watatu tulinyoosha mkono kuliunga.

Tuseme ukweli wote. Mmoja wa sisi watano mama yake ni wa Tanga na baba yake ni wa Wales. Mwaka jana ndiye aliyeshinda kundi la kwanza. Sisi watatu tulishiriki, tukashindwa. Hatukusema kikaoni kwamba hilo lilikuwamo moyoni, na labda siku ile tulikuwa hatujajiambia hata sisi wenyewe. Lakini lilikuwamo. Yeye siku ile hakunyoosha mkono wala hakusema neno. Aliendelea kuandika kumbukumbu za kikao, maana ndiye katibu.

Wiki mbili baadaye tulikuwa maktaba tunachora nasaba ya Mumtaz Mahal kwenye karatasi kubwa. Yeye ndiye aliyeshika kalamu. Alipofika kwa Americus, baada ya sisi kumsomea ile kanuni ya 1913, bila dosari, upande wa baba na upande wa mama, aliweka kalamu mezani akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Kwa hiyo kanuni yetu ingekuwa ndiyo ya kwao, huyu bibi wa kijivu tungemwandika kundi gani?"

Hakuna aliyejibu. Mmoja wetu akaenda kutafuta maji ya kunywa.

Tunajua mtakalosema, na mmoja wa walimu wetu ameshalisema alipousoma mswada huu: watu si farasi, na kupima watu kwa damu kumeleta maafa duniani. Ni kweli, nasi hatupimi. Hoja yetu inakwenda upande wa pili. Kwa farasi, mbio kweli zimo katika damu, na bado waliotaka karatasi bila dosari walikosea. Lugha haimo katika damu hata tone. Mtoto wa wazazi wawili wa Lamu akilelewa na jirani wa Cardiff atasema Kiingereza cha Cardiff. Kiswahili cha mwenzetu kilipikwa jikoni kwa mama yake, kila siku, miaka kumi na minane, na mama yake alikuwa hamjibu akisemeshwa Kiingereza. Katika sisi watatu tulionyoosha mkono, wawili wana wazazi wote wawili kutoka pwani, na nyumbani walijibu kwa Kiingereza mpaka walipofika chuo. Karatasi zetu hazina doa. Kiswahili chetu ndicho chenye dosari, kama mhariri wa gazeti hili awezavyo kuthibitisha. Mwacha asili ni mtumwa, walisema wahenga, na sisi tulioikaribia kuiacha ndio tuliosimama mlangoni kuwauliza wengine vyeti.

Kwa hiyo sisi watatu tunaondoa mikono yetu. Kikao kijacho tutapendekeza hivi: kila mshiriki achague mwenyewe kundi, na anayejifunza lugha ukubwani alindwe kwa kuulizwa ameanza kujifunza lini, si amezaliwa na nani. Haki ile ile iliyotafutwa itapatikana, bila kumfukuza mtu kwao. Anayepinga aje apinge, tutamsikiliza. Mwenzetu amekataa kusema atapiga kura upande gani. Amesema yeye ni katibu, kazi yake kuandika.

Tulirudi Leicester kumpelekea Babu ile karatasi. Akavaa miwani, akaifuata kwa kidole kutoka Shergar mpaka Dodoma, polepole, kituo kwa kituo. Tukamwambia alikosea kizazi kimoja. Akasema kukosea kizazi kimoja si kitu kwa mtu ambaye hakwenda chuo. Kisha kidole kikapanda mpaka juu, kwa yule asiye na jina, farasi jike wa Vintner.

"Na huyu?"

Tukamweleza kwamba jina lake halikuandikwa.

"Basi mwandikeni," akasema. "Hata la kubuni. Mama wa watu wote hawa."

Tumeacha nafasi kwenye karatasi. Wasomaji mnaotaka kumpa jina, leteni kwenye kikao.

Maneno ya kubeba

Mtamba: mnyama jike kijana ambaye hajazaa.
Nasaba: mfululizo wa wazazi na waliowatangulia, pia silsila.
Kitukuu: mtoto wa mjukuu.
Kilembwe: mtoto wa kitukuu.
Kining'ina: mtoto wa kilembwe.
Ndugu wa tumbo moja: waliozaliwa na mama mmoja.

Toleo lijalo, panapo majaliwa, tutalifuata neno Simba lilivyofika kwenye katuni za Marekani. Tukutane kikaoni kwanza.